Njoo Utengeneze Mtandao

4 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Huku tu wazima. Mdogo wangu amejifungua mtoto wa kike, wiki ya pili sasa, na analia kwa sauti ileile ya mama akigombana na mteja aliyenenepa halafu akasema gauni limebana. Mimi bado niko pale pale kwenye dirisha la dawa, nasoma miandiko ya madaktari na kuwaambia watu kutwa mara tatu.

Naona utashangaa kupata karatasi na stempu. Barua pepe hujibu. Simu unapokea, unasema haloo, haloo, kisha unakata. Siku mama alipofariki nilikupigia mara mbili, na mara zote mbili ulinikatia. Tukazika bila wewe. Nimelisema mara moja na sitalirudia.

Ninayo shida ya laptopu yake, ile uliyomwekea Linux mwenyewe kwa sababu ulisema mfumo iliyokuja nao ulikuwa mzito kama godoro lililolowa. Tangu Juni mwaka jana haishiki waifai. Nimeipeleka kwa mafundi wawili. Wa kwanza aliifungua, akaona ni Linux, akaifunga taratibu kama mtu aliyeingia chumba kisicho chake. Wa pili alisema inakosa draiva, ile programu ndogo inayoiambia kadi ya waifai ifanye kazi yake, na kwamba dawa ni kufuta vyote vilivyomo na kuweka mfumo mwingine. Nikaichukua nikaondoka nayo.

Siwezi kuifuta. Mle ndani mna vipimo vya wateja wake wote, mitindo aliyoichora, na barua. Na barua ndizo zinazonisumbua. Alipokuwa kitandani aliniambia, "Nimemwandikia mjomba wako mara tatu. Hajajibu." Hakulalamika, alisema tu. Lakini kila asubuhi, kabla ya dawa, kabla ya chai, aliniuliza kama umejibu, mpaka asubuhi ya mwisho. Sasa nimefungua sanduku lake la barua, nikatafuta kwenye zilizotumwa, na baada ya Mei hakuna hata moja. Je, aliandika, au ilikuwa homa? Na kama aliandika, wewe ulikuwa wapi?

Nitengenezee mashine hii, mjomba, nijue mama yangu alikufa akingoja nini.

Mpwa wako,
Sindano

1 Machi

Sindano, mpwa wangu,

Marahaba. Nimefurahi kusikia habari za mtoto. Mwambie mama yake asimfunike sana. Huku mvua imekataa, vumbi linaingia mpaka ndani ya redio za watu, na asubuhi yote napuliza redio kwa mdomo kama mtu anayepoza uji. Mwenye nyumba amepaka rangi mlango wangu bila kuniuliza. Sasa ni wa kijani.

Pole kwa msiba. Najua pole hii imechelewa na najua utaisomaje. Niliijua habari siku ya tano, kwa kikaratasi alichoniandikia jirani, na nyinyi mlikuwa mmeshazika. Nilikaa nacho mkononi. Nilianza kukuandikia mara nyingi.

Barua ya dada sikuipata. Hata moja. Naapa. Na nakuomba usinipigie simu. Niandikie hivi hivi kwa karatasi, ni vizuri pia kwa kazi yenyewe, utaiweka barua kando ya mashine uandike ninachokuandikia bila kukosea.

Fungua lile dirisha jeusi, dada aliliita ubao. Andika hivi, kwa herufi ndogo, na nafasi moja kabla ya kistari:

uname -r

Itakujibu namba ya kiini cha mfumo. Ninakilie hiyo namba yote, na nukta na vistari vyake. Halafu niambie mara ya mwisho mashine iliposasishwa ilikuwa tarehe ngapi. Mashine ikikuuliza nywila, dada alikuwa anaiweka kwenye kopo la vifungo, chini kabisa. Ukiiandika hutaona kitu kikitokea, hata nyota. Usiogope, inasikia.

Mjomba wako

19 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Mtoto ameanza kucheka, lakini anaichekea feni tu, sisi wengine anatutazama kama wadeni. Cherehani ya mama tumeifunika shuka. Wateja bado wanakuja kuuliza nguo zao, na kuna mmoja aliyeleta kitambaa Oktoba ambaye ameniambia nikae nacho tu, hataki fundi mwingine.

Kopo la vifungo nimelipata. Ubao umenijibu hivi:

5.15.0-97-generic

Imesasishwa mara ya mwisho tarehe 11 Juni.

Tarehe hiyo imenikumbusha jambo. Siku tatu baadaye mama alikupigia simu mbele yangu, akiwa amekaa kwenye cherehani na simu ameishika kwa bega. Akakuita kwa jina lako la utotoni, mara mbili, mara tatu. Mimi nilikusikia kutoka nilipokuwa nimekaa: haloo, haloo, haloo, kisha kimya. Akaitazama simu. Akasema, "Bado kanuna," akaendelea kushona.

Mjomba, mimi nilikuwepo siku ile ya kugombana kwenu, Aprili mwaka jana, pale mezani. Najua alichokuambia. Alisema mbele ya watu kwamba husikii, kwamba unajibu maswali ambayo hukuulizwa, na usipokwenda kupimwa masikio gari litakugonga. Ulisimama, ukachukua mkoba wako, ukaondoka chakula kikiwa moto. Ni kweli alikosea kulisema mbele ya watu. Lakini ndilo kosa la kumnunia dada yako mpaka kaburini?

Nangoja maelekezo.

Sindano

10 Aprili

Sindano,

Nimepata barua yako. Wote wazima huko natumaini.

Ndani ya bahasha kuna flashi, nimeifunga kwa kitambaa cha kufutia vioo isivunjike njiani. Draiva imo. Nimeijenga huku kwenye mashine yangu. Maelekezo yako kwenye karatasi ya pili, mistari minne, andika mmoja mmoja na usubiri ubao ujibu kabla ya kuandika mwingine.

Sina zaidi kwa leo.

Mjomba wako

28 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Mtoto ana mafua. Wengine wazima.

Nimefanya ulivyosema, mistari yote minne. Mwandiko wako ni mbaya lakini mimi nimezoea mibaya zaidi. Mstari wa nne ubao ukaikataa draiva, ukasema umbo lake silo. Nikarudia. Nikarudia tena, mdogo wangu akinisomea herufi moja moja na mtoto begani. Ikakataa.

Basi nikalitazama jina la faili lenyewe. Limeandikwa 91. Mimi nilikuandikia 97. Mjomba, kazi yangu ni namba. Nikikosea namba mtu anakunywa dawa ya mwenziwe. Sikukosea. Na wewe nimekujua tangu nikiwa mtoto, mtu anayefungua redio yenye skrubu kumi na nane na kuzirudisha kumi na nane. Wewe hukosei namba.

Kwa hiyo nieleze.

Sindano

6 Juni

Mjomba,

Wiki tano. Kila siku nikitoka kazini napitia posta, na yule mama wa dirishani sasa ananitikisia kichwa nikiwa bado mlangoni, ili nisipoteze hatua.

Hivi ndivyo alivyongoja. Nimeanza kumwelewa, na sikushukuru kwa somo hilo.

Sindano

20 Juni

Mpwa wangu,

Sijui kama nina haki ya kukusalimia, lakini nakusalimia. Mtoto amepona mafua?

Nitaandika yote, na nitayaandika kama yalivyo, kwa sababu nikiyapamba sitayamaliza.

Sisikii. Sikio la kushoto lilikwenda kwanza, mwaka mmoja kabla ya ule ugomvi, na la kulia likafuata. Dada aliona kabla yangu. Mtengeneza redio asiyesikia ni nini? Natengeneza kwa kugusa spika na vidole, nikihisi mtetemo, kisha namwomba jirani anieleze kama ni muziki au ni kelele. Simu ilipotetemeka niliipokea kwa mazoea tu, nikasema haloo kwa ukimya, nikakata. Sikujua ni dada. Sikujua ni wewe. Ningeweza kusema tangu zile barua pepe zako nisizozijibu, nikaona aibu, kwa sababu kulisema ni kukubali kwamba aliyoyasema pale mezani yalikuwa kweli, na yeye hayupo kunisikia nikikubali.

La pili ni baya zaidi.

Ile draiva ya kadi yake haiji na Linux. Lazima ijengwe kwa mkono juu ya kiini cha mfumo, na kila mfumo ukijisasisha kiini kinabadilika, draiva inabaki nje, mtandao unakufa. Kuna njia ya kuizuia. Ni programu moja inayoijenga upya yenyewe kila mara, unaiweka siku moja na kuisahau. Naijua vizuri. Mashine yangu inayo. Kwenye ya dada sikuiweka, na si kwa kusahau.

Sikuiweka kwa sababu kila mtandao ulipokatika alinipigia: "Wewe fundi, mashine yako imekufa tena." Nami nikapanda basi siku mbili nzima, nikakaa kwenu wiki, nikitengeneza kitu cha dakika kumi. Unakumbuka nilivyokuwa nakuna kichwa na kusema safari hii ni ngumu? Ilikuwa uongo. Sina mke, sina mtoto, na mwanamume hawezi tu kupiga simu akasema dada, nimekukumbuka. Nilijitengenezea sababu ya kuja.

Uliponiandikia ile 97 na tarehe 11 Juni, nilielewa yote nikiwa nimesimama mlangoni na barua. Alisasisha, mtandao ukafa, akanipigia nisisikie, akaandika. Lakini aliandika ndani ya mashine ileile iliyokatika. Kwa dada, mtandao ulikuwa ni ule wa kutazama mitindo ya nguo. Barua aliona ni kitu kingine, maana sanduku lake lilikuwa linafunguka hata mtandao ukiwa umelala. Ukibonyeza tuma barua inaingia kwenye kasha la zinazotoka, na inakaa humo ikisubiri njia. Mashine ilipaswa kumlilia kwamba haikwenda. Ile milio niliizima mimi, alisema inamkera akishona.

Fungua lile sanduku. Usitazame zilizotumwa. Chini yake kuna kasha la zinazotoka. Utaona namba pembeni. Kama nimefikiri sawa, ni tatu.

Flashi ya kwanza niliiharibu kwa makusudi. Nilijua kwamba mashine ikishika mtandao tu, barua hizo zitaondoka zenyewe kuja kwangu, na mimi nitalazimika kusoma alichonifikiria. Majuto ni mjukuu, wanasema. Wangu ana miezi saba sasa na namlea peke yangu.

Hii ni flashi ya pili. Ni 97. Mstari wa mwisho wa karatasi ya maelekezo ni ile programu niliyokuwa nimemnyima. Ukipenda, usiandike mistari yote. Unaweza kuninakilia barua zake kwa mkono, au kuzisoma na kuniambia yaliyo muhimu. Uamuzi ni wako, mimi nimeshindwa kuwa mtu mzima.

Mjomba wako

9 Julai

Mjomba,

Shikamoo. Mtoto amepona, ana jino moja.

Barua yako niliisoma kazini, dirisha likiwa limefungwa kwa chakula cha mchana, nikalifungua nimechelewa na watu wakanung'unika. Nilikukasirikia sana. Hasira ilipopungua nikakumbuka zile ziara zako. Mama alikuwa anafua mapazia kabla hujafika.

Nilifungua kasha. Ni tatu. Juni, Agosti, na Oktoba, ile ya mwisho siku nne kabla hatujampeleka hospitali. Niliona jina lako na mstari wa kwanza wa kila moja, nikafunga macho, nikafunga na sanduku. Umeniambia nikunakilie kwa mkono. Sitaki. Yeye alibonyeza tuma, na zitatumwa.

Jumamosi nikaiweka laptopu juu ya cherehani yake, nikatoa shuka. Nikaandika mistari yako. Safari hii ubao haukusema kitu, ukarudisha tu mstari mtupu, na mdogo wangu akauliza, "Imekataa tena?" Ule msalaba wa pembeni ya skrini, wa kuonyesha hakuna mtandao, ukatoweka. Pakatokea majina ya waifai za majirani wote, na yetu katikati. Nikaichagua. Nikafungua sanduku la barua.

Mjomba, ile namba ikawa mbili. Ikawa moja. Kisha pale palipokuwa na namba hapakuwa na kitu. Haikuchukua hata muda wa kutunga uzi kwenye sindano. Alingoja tangu Juni mpaka Novemba kwa kitu cha muda kama huo.

Mstari wa mwisho pia niliuandika. Fungua sanduku lako.

Sindano

21 Julai

Sindano, mwanangu,

Zimefika. Siku mbili sikuzifungua. Siku ya tatu nilifunga duka, nikazisoma.

Ya Juni ni ya matusi, matusi yake yale ya upendo. Ananiita mzee wa kununa, anasema mtandao umekufa na mitindo ya msimu anaikosa, nije haraka. Ya Agosti inasema alinipigia simu nikakata, kwamba amefikiri sana, huenda sikukata kwa hasira. "Huenda hukunisikia," anasema. "Kama hukunisikia basi naomba radhi kwa ya mezani, na kama ulinisikia naomba radhi vilevile." Alijua, Sindano. Tangu Agosti alikuwa amenisamehe kosa ambalo mimi mwenyewe sikuwa nimelijua.

Ya Oktoba ni fupi. Nakunakilia yote, maana ni haki yako:

"Kaka, nimechoka kidogo siku hizi kwa hiyo sitaandika sana. Nataka nikuungamie kitu. Zamani kijana mmoja wa duka la kompyuta aliniambia ipo programu ya kufanya mtandao wangu usikatike nikisasisha. Akataka kuniwekea. Nikamkatalia. Nilijua hukuiweka kwa nini. Na nikikaa miezi mingi bila kukuona nilikuwa nabonyeza Sasisha mwenyewe, kwa makusudi, ili ife. Hata hii ya Juni nilibonyeza mimi. Sasa imekufa na wewe huji. Njoo utengeneze mtandao. Kama husikii, hakuna neno, mimi nitasema kwa mkono, kwa ishara."

Mara zote zile nilizokuwa namdanganya, alikuwa ananidanganya pia, na tukakaa wiki nzima kila mmoja akiona ameshinda. Mtu mmoja kati yetu angesema njoo, au nakuja, bila mashine katikati, asingekufa akiuliza kama nimejibu.

Nilibonyeza kitufe cha kujibu. Sijui niliwaza nini. Nikaandika, "Nakuja, dada," nikatuma. Ikaenda bila taabu.

Mjomba wako

5 Agosti

Mjomba,

Shikamoo. Tu wazima, na mtoto ana meno mawili, ameyajaribu kwenye mkono wangu.

Jibu lako lilifika. Nilikuwa natafuta vipimo vya yule mteja wa kitambaa cha Oktoba, nimeamua kujaribu kumshonea mwenyewe, na sanduku la mama likaonyesha barua moja mpya. Nilimwita mdogo wangu. Tuliisoma tukiwa tumesimama. Kisha nikaenda kukaa uani kwa muda, kwa sababu nilikuwa nimeshafungua mdomo kumwambia mama kwamba umejibu.

Jana nikafanya jambo. Nilikaa mbele ya mashine, nikabonyeza Sasisha. Ilijisasisha nusu saa, nikaizima, nikaiwasha. Nilitaka ife, mjomba. Nilitaka nikuandikie kwamba mtandao umekufa, njoo.

Haikufa. Ile programu yako imeijenga draiva upya yenyewe, na waifai ikashika kabla sijakaa vizuri. Kwa hiyo sina cha kukuitia. Huku hakuna kilichoharibika.

Njoo hivyo hivyo. Nitakupeleka alipo. Nimeanza kujifunza kusema kwa mkono, na mpaka sasa najua maneno manne.

Sindano